Maji Yaliyopungua Kwenye Modeli

Wiki ile nilikuwa Newala kwa mama na sikuweza kukaa kitako. Nakaa, nainuka, natembea hadi ukingoni mwa mteremko kuangalia bonde la Ruvuma, narudi kabla sijaangalia chochote. Mezani kompyuta ilikuwa ikiendesha modeli yangu, ikipiga hesabu za mawimbi ya bahari yanayogonga nguzo ya jukwaa la kuchimbia gesi. Kazi yangu ya shahada ilikuwa kuonyesha kama msingi wa nguzo ile utahimili. Majibu ya mwanzo nilishamtumia msimamizi wangu: utahimili, tena bila shida. Ya mwisho aliyataka Ijumaa. Akiyakubali, namaliza. Akiyakataa, naanza upya, na nilishachoka kuitwa mwanafunzi na umri huu.

Mama ana kisima cha kuvunia maji ya mvua. Kila akichota huchungulia ndani, aone maji yameshuka kiasi gani chini ya alama aliyochora kwa mkaa. Mgeni akinawa uso mara mbili, mama anajua. Tabia hiyo ilinikera utotoni, na ukubwani ikanikera zaidi.

Mchana wa Jumatano alikuja kuniita nikale, akasimama nyuma yangu akitazama picha ya mawimbi kwenye skrini.

"Hayo maji, kuna anayeyachota?"

"Hakuna, mama. Hayatoki wala hayaingii."

"Mbona yanapungua?" Akagusa skrini kwa kidole, ubavuni mwa nguzo. "Asubuhi nilipopita yalikuwa hapa."

"Ni mawimbi, mama. Yanacheza."

"Kucheza nimeona. Hata ndoo ikiwa kichwani maji yanacheza, lakini yakipungua najua."

Nilimjibu kwa mkato kwamba nakuja. Sikwenda. Nilijumlisha maji yote ya mwanzo wa hesabu, kisha ya mwisho, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa sababu niliona ni la kitoto. Hayakulingana. Modeli yangu ilikuwa inapoteza maji kidogo kidogo kila hatua, na mawimbi yakazidi kuwa mepesi. Nguzo ilisimama imara kwa kuwa bahari ilikuwa inaikimbia.

Nilimkasirikia mama kwanza, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Ugali ulipoa. Nilizunguka uani mpaka kuku wakanikimbia, halafu nikamwandikia msimamizi kwamba nilichomtumia si sahihi, nikabaki roho juu.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Hakunikataa. Alinipa mwezi mmoja wa kurekebisha, akasema wengi hupitiwa na kosa kama hilo, na kujikosoa namna ile ndiyo kazi ya mhandisi. Mwisho akauliza: umeligunduaje?

Niliandika kwamba nilikuwa nahakiki ujazo wa maji, kama kawaida yangu. Nikatuma upesi, nisije nikaghairi.

Mama alikuwa mlangoni, ameshika ndoo tupu. "Mwalimu wako anasemaje?"

"Amenisifu, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Mimi nilijua tu, mwanangu, una akili."