Filigisi ya Baba Mkwe

Shule niliishia darasa la nne, lakini leo nusu ya hoteli za Bariadi zinapika ng'ombe wangu. Kazi hazinipi nafasi, kwa hiyo nakula huku naongea na simu.

Juzi mwenye hoteli mpya aliniita tule mchana, tupatane biashara ya nyama. Nikafika, nikafunua bakuli mezani. Filigisi ya kuku! Kipande cha mkubwa, na mkubwa hapo ni nani kama si mimi? Nikaitupia mdomoni nzima, nikafunika.

Mwenye hoteli akaingia na mzee kutoka Nkololo.

“Baba mkwe, filigisi yako hii hapa,” akafunua.

Mzee aliangalia bakuli tupu, kisha shavu langu lililovimba.

“Kumbe tuko wakwe wawili,” akasema. “Wewe binti yako aliyeolewa hapa ni yupi?”