Kikombe cha Wageni

Msusi wangu pale Kenyatta Market akifungua chupa ya chai, harufu ya tangawizi hunirudisha kwenye kile kisiwa cha ng'ambo ambako mama alipata kazi ya unesi. Tulihamia wawili tu. Jumamosi ya kwanza alijaza chupa ya chai na kukaanga mandazi sinia nzima, maana majirani wangekuja kutusalimia. Upepo ulitikisa madirisha. Hakuja mtu.

Jumamosi ya pili akapika tena. Jioni akaniambia, "Hebu toka nje, ubishe."

Nikatoka na sweta, nikabisha hodi.

"Karibu, karibu ndani," akanipa mkono. Akanimiminia chai kwenye kikombe cha wageni, kile nilichokatazwa kugusa.

"Habari za nyumbani?"

Nikasema ni nzuri.