Kitufe Kilichofuta Kadi za Watu

Sijamsamehe, na sina mpango huo. Kijana yule alirudi kutoka masomoni India miaka ileile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango na kila duka la Kariakoo lilipoanza kutafuta kompyuta, akatuuzia programu aliyoitunga mwenyewe ya kuchora kadi za harusi. Duka letu la kadi lilikuwa Mtaa wa Sikukuu na lilikuwa na kompyuta moja tu. Niliyeitumia ni mimi, na nilijidai nayo mtaa mzima.

Programu ilikuwa na kurasa mbili. Kwenye ukurasa wa kadi za mchango, zile za kuombea fedha za harusi, ukibonyeza kitufe cha F2, kazi yako inahifadhiwa. Kwenye ukurasa wa kadi za mwaliko, F2 hiyohiyo inafuta kila kitu, tena bila kukuuliza.

Nilimwambia kwa upole. "Kaka, hivi vitufe vifanane. Mkono ukishazoea huku, kule unajiendea wenyewe."

Akacheka. "Programu haina shida, dada. Shida ni mikono yako."

Basi ikaja harusi ya familia moja ya Gerezani. Mama wa bibi harusi alitaka asumini kuzunguka kadi nzima ya mwaliko, nikazichora ua kwa ua, shingo ikaniuma. Nilipomaliza, mkono ukaenda F2. Kioo kikabaki cheupe. Kadi zilichelewa, na mama yule akaja kunitolea maneno hadharani, wapita njia wakisimama kusikiliza. "Umeniaibisha kwa wakwe zangu," alisema, na kweli alikuwa analia. Bosi wetu, Mhindu mpole wa Upanga, akamwita kijana aeleze. Kijana akaeleza kwamba ni mikono yangu. Nikatolewa kwenye kompyuta, nikapelekwa nyuma kubandika bahasha kwa gundi. Kila aliponikuta huko alinisalimia "Mambo?" na mimi nilijibu "Poa" huku moyoni namwombea mabaya.

Siku moja akaja na mteja mpya, mzee wa mjini mwenye mashine kubwa za uchapaji, aliyetaka kuinunua programu ile. Kijana akanifuata nyuma. "Dada, we umeitumia. Mwambie mzee ilivyo rahisi."

Nikanawa gundi, nikatoka. "Shikamoo, mzee. Ni rahisi sana. Jaribu mwenyewe tu."

Mzee alikuwa anamwoza binti yake, akafurahi. Akaandika kadi ya mchango, nikamwonyesha F2, ikahifadhiwa. Akahamia kadi ya mwaliko. Aliiandika taratibu kwa kidole kimoja, ukoo wake na ukoo wa wakwe, akichagua maua na kuyabadilisha. Kijana alikuwa amempa mgongo, anamsimulia bosi habari za Bombay.

"Sasa nihifadhi?" mzee akaniuliza.

"Kama ulivyofanya mwanzo, mzee wangu."

Akabonyeza.

"Imekwenda wapi?" akauliza. Kijana akageuka. Nilimkodolea macho nikingoja amwambie baba wa bibi harusi kwamba shida ni mikono yake.

"Samahani, mzee. Kosa ni la programu."

"Sijasikia vizuri, kaka," nikasema, ingawa nilisikia kila herufi. "Hebu rudia, na bosi asikie."

Akarudia. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuionea haya.

Mzee aliondoka bila kununua. Bosi akaniambia nirudi kwenye kompyuta.

Baadaye kijana akaleta programu iliyorekebishwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina malalamiko mengine. Ninayo, nikamwambia. Nikaanza na rangi, nikaja kwenye herufi, nikarudi tena kwenye rangi. Mambo ya kusemwa kwa dakika chache niliyavuta mpaka adhana ya alasiri, naye amesimama anaandika. Mwishowe akaomba mahali pa kukaa. Kiti cha wageni nilikuwa nimekiazimisha asubuhi kwa jirani muuza vitenge, niliposikia kwamba anakuja.