Soksi Ndani ya Tarumbeta

Nimefungua sanduku la babu, na harufu ya mafuta ya tarumbeta imenirudisha kwenye fleti yetu ya Malton, ughaibuni. Babu, aliyewahi kuongoza bendi kubwa ya dansi huko nyumbani, alipiga akiwa ameiziba tarumbeta kwa soksi ili majirani wasilalamike. Kila alipofika mahali pa kuitikiwa alinyamaza, akanitazama.

"Itikia, mjukuu wangu," aliniambia siku moja. "Wenzangu wote wamekufa."

"Sijui, Babu," nilijibu kwa Kiingereza.

"Hata bata angekuwa ameshaujua wimbo huu."

Alirudia mara tatu. Kisha akaichomoa soksi, akaivaa, akafunga sanduku. Hakulifungua tena.

Wimbo niliujua wote. Niliona haya tu. Leo nimeitikia kwa sauti, na hakuna wa kuanzisha.