Mwanamitindo Aliyekataa Kukaa na Wageni

Juzi nilipigiwa simu kutoka Nyamasaria nikaambiwa kwamba yule mama mrefu, mwanamitindo wa kwanza niliyepata kumwona kwa macho yangu, amefariki usingizini, uzeeni, kwake. Nilisikitika, kisha nikajikuta natabasamu. Wasomaji wangu mnisamehe, sijui namna ya kumkumbuka bila kufurahi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana wa kupiga santuri katika hoteli moja ya Kisumu. Bwana mmoja kutoka Nairobi alileta pale maonyesho ya mavazi, akiwatumia wasichana wa mjini kwetu kwa ahadi kwamba picha zao zitatoka magazetini. Walitembea kwa maringo, ukumbi ukashangilia. Lakini kila onyesho lilipoisha, aliwaamuru wavae nguo nyepesi wakakae na wageni wake wakubwa waliokuwa wakinywa. Aliyekataa hakuitwa tena, na akaenezewa sifa mbaya. Alasiri moja ya Jumamosi, onyesho lilipoisha, yule mama mrefu, wakati huo msichana tu, mmoja wa wanamitindo hao na fundi cherehani aliyeshona magauni yale, alisimama mbele ya wageni. Niliinua sindano ya santuri ili asikike. “Nguo mmeziona,” alisema taratibu. “Sisi tunakwenda nyumbani.” Yule bwana alifoka kwamba hakuna gazeti litakalowatazama tena. Wasichana wenzake wote wakamfuata fundi nje, wamebeba viatu mkononi, nami nikatoka nyuma yao. Walipopita sokoni na magauni yale yanayometameta, mama mmoja muuza samaki aina ya ngege akamuuliza fundi, akichanganya na Kijaluo, “Nyathina, mwanangu, hii ni harusi ya nani?” Akajibu, “Ni yetu wenyewe, Mama.” Basi vigelegele! Kina mama wakaacha samaki wao, wakawasindikiza wakiimba mpaka barabarani.

Tangu hapo waliandaa maonyesho yao katika ukumbi wa kanisa, kila msichana akija na mama au shangazi yake. Wengine walitoka Maseno, wengine Awasi. Yule bwana aliporudi kutafuta wasichana, hakupata hata mmoja.

Tulipokutana mara ya mwisho nilimuuliza kama siku ile hakuogopa. Alicheka mpaka akafuta machozi. “Niliogopa sana, Bwana. Ila niligeuka, nikaona wenzangu wako nyuma yangu.” Siku hizi tunawahimiza binti zetu wakatae wanaowaahidi umaarufu kwa masharti ya aibu, kisha tunarudi kwenye shughuli zetu. Kuhimiza hakutoshi. Binti akikataa, akageuka, atuone tuko nyuma yake.