Karata za Babu, Flashi za Fundi Skrubu

Haya yote ni kweli tupu. Nikiwa nimeongeza chumvi hata chembe, taipureta yangu ichukuliwe.

Saa mbili asubuhi, Fundi Skrubu ameinamia laptop, miwani imemteleza hadi ncha ya pua. Mbele yake wamekaa msichana anayesomea uchoraji wa ramani za majengo na babu yake, mstaafu mtanashati kwelikweli.

Ramani za msichana zinatakiwa chuoni saa sita. Programu ya kuchorea imegoma, maana laptop imerudishwa kwenye mfumo endeshi wa zamani, wa enzi za babu kazini.

"Imejirudisha yenyewe," anaeleza babu. "Nahisi ni radi."

"Radi ikafuta na nakala ya mfumo wa awali iliyofichwa ndani?" anauliza fundi. "Radi yenu imesoma, mzee."

Kwanza anahamishia ramani kwenye diski ya pembeni. "Sifuti kitu kabla sijaokoa mali ya mtu," anasema.

Kisha anafungua kopo la bati lililokuwa la riboni za taipureta. Limejaa flashi, kila moja imeandikwa aina ya laptop na mfumo iliotoka nao kiwandani.

Kopo ni la baba yake, aliyetengeneza taipureta kwenye meza hiihii miaka thelathini. "Utotoni nililala na kengele za taipureta masikioni," anasema. Taipureta zilipokwisha, fundi huyu, mama wa watoto watatu, alijifunza kompyuta kwa kufungua mbovu. Siku nzuri hupata mashine nne. Wiki nzima iliyopita, mbili tu.

Anatamani jambo moja: kuisikia tena taipureta iliyopita mikononi mwa baba yake. Hakubakiwa na hata moja.

Saa nne na nusu, mfumo wa awali unawaka. Ramani zinafunguka. Msichana anashusha pumzi.

"Ila kabla sijafuta, niliona kitu," anasema fundi. "Ule wa zamani uliwekwa Jumapili saa tisa mchana. Jina la mtumiaji: Bingwa wa Karata."

"Babu!"

"Nilizikumbuka tu karata za kwenye kompyuta ya ofisini, mjukuu wangu. Ukishinda, zinamwagika skrini nzima..."

Babu huyo, wasomaji, ni mimi. Na utanashati nao ni chumvi.

Alasiri naibeba taipureta yangu hadi kwa fundi, kama nilivyoapa. Anaigeuza. Chini ina mikwaruzo miwili, alama ya baba yake kwenye kila taipureta aliyoitengeneza. Anagonga herufi moja mstari mzima, mpaka kengele inalia.

Anafuta miwani. "Haya ni malipo ya uongo wako, babu. Na ya laptop?"

Nalipa.