Waliorudi na Kitanda cha Kamba

Niliingia kazi ya uaskari wa hifadhi miaka michache baada ya Uhuru, nikitokea vijiji vya ziwani upande wa Murangi. Kwetu tulikuwa watu wa samaki na mihogo. Nyati nilimwona mara ya kwanza nikiwa tayari nimevaa kaptula ya kaki na kukabidhiwa bunduki. Kituo chetu kilikuwa mbele ya Bunda, si mbali na mto Grumeti, pale mashamba ya pamba yanapoishia na nyika inapoanza. Niliipenda kazi ile, sitaki kusema uongo. Nilipenda kuamka na kukuta nyayo za simba kwenye vumbi nje ya mlango wetu, na nilipenda jinsi mama yangu alivyowaambia majirani kwamba mwanawe analinda mali ya taifa.

Ila siku za mnada Bunda nilikwenda na nguo za nyumbani. Nikiingia na sare, watu waliokuwa wanacheka walinyamaza, na akina mama walisogeza vikapu nyuma ya miguu yao. Chini ya mihogo mle kulikuwa na kimoro, nyama ya porini iliyokaushwa. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua kwamba najua.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya masika, baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Familia nyingi zilizokuwa zimetawanyika karibu na mto zilikuwa zimesogezwa barabarani, zimepimiwa viwanja kwa mistari. Asubuhi ile tulikuwa watatu doria: koplo, mtu mzima aliyekuwa askari tangu enzi za mkoloni, dereva, na mimi. Tuliona tai wanazunguka mahali pamoja lakini hawatui. Koplo akasema, "Hapo kuna kitu hakijafa."

Tulimwacha dereva na Landrover kwenye udongo mgumu, tukaenda kwa miguu. Nyati dume alikuwa amesimama kwenye kichaka, waya wa mtego umemzama shingoni, anaburuta kipande cha mti alichokuwa amefungiwa. Mbele yake palikuwa na gogo kubwa lililoanguka, na chini ya gogo, kwenye shimo ambalo pembe hazikufika, alijibanza mtu. Nyati alipotuona alitugeukia. Koplo alimwangusha karibu kabisa na miguu yetu, na mpaka sasa nikisikia mlio wa bunduki huwa naanza kunusa harufu ya yule mnyama.

Mtu yule alikuwa na umri wa baba yangu. Paja lilikuwa limepasuliwa. Nililifunga kwa shati langu, naye akawa ananiangalia tu usoni.

"Shikamoo, baba," nilimwambia, kwa sababu sikujua niseme nini.

"Marahaba, mwanangu. Nakufa?"

"Hufi."

Gari lisingeweza kufika pale; udongo mweusi ulikuwa umelowa na unavuta mguu hadi gotini. Nikamchukua mgongoni. Koplo alikwenda mbele na bunduki, akitafuta njia. Mzee alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu. Alianza kuongea taratibu, kwa Kiswahili cha shida, maana lugha yake na yangu zilikuwa mbalimbali.

"Nilikuwa na mdogo wangu na mkwe wangu, mume wa binti yangu. Nyati aliwazuia wasinifikie. Wamekwenda kutafuta kitu cha kunibebea. Watarudi leo, jua likipoa. Watapitia kwenye mawe, pale tulipokuwaga tunavusha ng'ombe. Mto umejaa, mwanangu. Waambie wasivuke. Waambie nimekwisha kuondoka."

Alirudia yale maneno mara nyingi, kama mtu anayeogopa atalala kabla hajamaliza. Mimi nilikuwa naitikia, "Ndiyo, baba. Nitawaambia, baba."

Tulipomlaza nyuma ya gari, koplo aliniuliza, "Alikuwa anasemaje?"

Nikamweleza yote: mdogo wake, mkwe wake, mawe ya kuvushia ng'ombe, jua likipoa. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilisema ili wasizame, na ni kweli nilifikiria maji. Lakini pia nilikuwa askari kijana aliyeulizwa swali na mkubwa wake, na nilifurahi kuwa na jibu.

"Vizuri sana," koplo akasema. "Dereva atampeleka mzee Musoma hospitali. Sisi tutawangojea."

Tulikaa kwenye majani marefu upande wetu wa mto. Maji yalikuwa mekundu, yanashuka na matawi. Jua lilipoanza kupoa wakatokea ng'ambo watu wawili, na juu ya vichwa vyao walibeba kitanda cha kamba, kimefungwa blanketi. Hawakuwa na mkuki wala upinde. Mmoja alikuwa na panga, nafikiri la kukatia njia.

"Koplo," nilinong'ona, "tuwapigie kelele. Mto utawachukua."

"Wakibaki ng'ambo ile ni wananchi wanaotembea. Wakikanyaga huku wamo ndani ya hifadhi. Tulia."

Nikatulia. Waliingia majini. Yakawafika kiunoni, yakawafika kifuani, na kitanda kikawa kinayumba. Mkwe alitangulia, akapanda ukingoni akikivuta kitanda kwa lile blanketi. Mdogo wa mzee aliteleza kwenye jiwe la mwisho, akazama mpaka kichwani, na hapo nikashindwa kuendelea kujificha. Niliruka nikampa mkono. Aliushika kwa nguvu, nikamvuta, akapanda akikohoa maji, akasema, "Asante, ndugu yangu." Kisha akafuta macho, akaiona kofia yangu.

Hawakukimbia. Mkwe aliuliza tu, "Mzee yuko wapi?" Koplo akamjibu kwamba mzee yuko salama, kisha akawafunga pingu.

Siku chache baadaye nilipewa ruhusa kwenda Musoma kumchukua mzee maelezo. Nilimkuta wodini, mguu umefungwa ubao, na mke wake amekaa sakafuni pembeni ya kitanda. Mama yule aliposikia kwamba mimi ndiye niliyembeba, alinishika mikono yote miwili, akapiga magoti mbele ya wagonjwa wote.

"Mwanangu, umenirudishia mume. Mungu akupe watoto."

Nilimwinua. Aliniwekea ugali na sato mkavu, nikala kwa sababu kukataa kungekuwa matusi. Alipotoka kwenda kuteka maji, mzee alinigeukia.

"Walivuka salama?"

"Walivuka, baba."

"Wako nyumbani?"

"Wako mahabusu."

Aliangalia dari. Kisha akasema, bila hasira, "Nilikuambia wewe. Sikuiambia serikali."

"Baba, mimi ndiyo serikali," nilisema, na sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mtoto anayejitetea.

"Mgongo wako haukuwa wa serikali," akanijibu, akageukia ukutani.

Kesi ilisikilizwa Musoma. Mzee aliletwa na magongo, na hakimu alimwonea huruma, akamwachia kwa onyo kwa ajili ya mguu ambao usingepona. Mimi nilisimama kizimbani kama shahidi. Niliulizwa kama nawatambua washtakiwa, nikasema nawatambua. Niliulizwa kama walikamatwa ndani ya mpaka, nikasema ndiyo. Walikuwa na silaha? Panga moja. Walikuwa wamefuata nini? Hilo hakuniuliza mtu. Kitanda kilibaki ukingoni mwa mto, na mimi sikukitaja, maana sikuulizwa. Mdogo wa mzee alikuwa ananitazama muda wote akingoja nikitaje. Walifungwa wote wawili.

Kijijini watu walifanya hesabu yao. Wenzake wamefungwa, mzee ameachiwa. Na walikamatwa palepale, kwenye kivuko anachokijua yeye. Nilikwenda kumjulia hali kwake, nikaona. Kwenye shamba la kijiji aliketi mwisho wa mstari akipalilia kwa kujiburuta, na hapakuwa na mtu upande wake. Kwenye pombe ya mtama walimpa kibuyu chake peke yake. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani na watoto, hazungumzi na baba yake.

"Waambie ni mimi niliyesema," nilimwambia.

"Niliwaambia. Wakaniuliza, na huyo askari aliambiwa na nani?"

Mkwe alipotoka gerezani hakurudi kabisa. Tulisikia amevuka kwenda Kenya. Mdogo wake mzee alirudi, lakini alichukua familia yake akahamia Butiama kwa wakwe zake bila kupita kwa kaka yake. Huko ndiko nilikomfuata. Nilimkuta shambani, amekonda, anapalilia mihogo. Aliposikia salamu yangu hakuinua kichwa.

"Kaka yako hakuwauza," nilisema. "Aliniambia niwazuie msivuke, kwa ajili ya mto. Mimi ndiye niliyemwambia koplo."

"Najua."

"Unajua?"

"Namjua kaka yangu. Nilikuwa nangoja mahakamani useme tulikuwa tumekuja kufanya nini. Ungesema, na yeye angesikia, na kijiji kingesikia. Wewe ukasema panga."

"Nisamehe."

Ndipo akasimama, akaegemea jembe. "Umetembea kutoka Bunda mpaka hapa ili wewe ulale usingizi. Haya, nenda ukalale."

Nilirudi barabarani nikangoja lori.

Msimu uliofuata wa pamba, mke wa mzee aliniambia kwamba shemeji yake amekuja. Alikaa kwao siku mbili, akaezeka upya paa lililokuwa linavuja, akaondoka. Hawakuzungumza habari za mto. Lakini asubuhi ya kuondoka alimsindikiza kaka yake mpaka shamba la kijiji, akakaa naye mwisho wa mstari akipalilia kidogo, watu wote wakiona.

"Ila wewe usije kwanza, mwanangu," mama yule aliniomba. "Akija akikukuta hapa hatarudi tena."

Nikamtii. Nilikaa kwenye kazi ile mpaka nikastaafu, na nimewatoa watu wengi majini na porini, wenye makosa na wasio na makosa. Mzee alipofariki nilikuwa doria ya mbali. Dereva wetu ndiye aliyenipa habari, matanga yakiwa yamekwisha, na nilimwomba azime gari nikashuka, nikasimama kidogo porini peke yangu.